Umemaliza intanshipu na unataka kufungua kliniki yako? Soma hii kwanza

Madaktari vijana wakitoka intanshipu tu, yaani mazoezi ya hospitalini baada ya chuo, simu yangu inaanza kujaa meseji, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: dokta nataka kufungua kliniki yangu, nianzie wapi, nikope pesa ngapi, ninunue mashine gani. Nimeona niandike yote mahali pamoja. Mimi niko Busia, upande wetu wa Uganda, mji ambao mgonjwa mmoja anaongea Kisamia, anayemfuata Kiteso, mwingine amevuka tu kutoka Kenya na shilingi za Kenya mfukoni, na dereva wa trela anataka dawa haraka arudi kwenye foleni ya mpaka. Kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya hapa, lakini ukiwa Kasese ama Arua ama kule Kisenyi Kampala utaona mambo hayapishani sana.

Kitu cha kwanza ujiulize, kwa nini mtu aje kwako alipe? Serikali iliondoa malipo kwenye hospitali na vituo vyake mwaka 2001, ukiacha zile wodi za kulipia, manake kila anayeingia mlangoni kwako ameacha huduma ya bure nyuma yake. Ameiacha sababu foleni ilikuwa ndefu, dawa zilikuwa zimeisha, ama alifika akaangaliwa dakika mbili akaandikiwa karatasi akanunue nje. Sasa na wewe ukimuangalia dakika mbili huku unachezea simu, atarudi kufanya nini? Kliniki inaishi kwa mgonjwa anayerudi. Mama aliyeleta mtoto leo, mwezi ujao akamleta mama mkwe na presha yake, alafu akamwambia jirani, huyo ndo analipa kodi ya nyumba. Mambo yote nitakayosema hapa chini nayaangalia kwa jicho hilo hilo.

Usikimbilie kufungua. Najua mkopo wa rafiki upo na chumba umeshaona, lakini mkono bado haujakomaa. Tafuta kazi kwenye Health Centre IV, yaani kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, ama hospitali ya misheni, fanya usiku, pasua, shika watoto waliozidiwa, kosa usingizi mahali ambapo kuna mkubwa wa kumuita. Na wikendi omba zamu kwenye kliniki ya mtu mwingine, usiende tu kuona wagonjwa, kaa uangalie wanaandikaje pesa, dawa gani zinaoza kwenye shelfu, wagonjwa wanakuja saa ngapi, nani anafungua asubuhi daktari akichelewa. Hayo hakuna profesa wa Makerere wala Mbarara atakufundisha darasani.

Makaratasi sasa. Leseni yako mwenyewe ya kila mwaka kutoka UMDPC, yaani Baraza la Madaktari, ni kitu kimoja, na leseni ya kliniki ni kitu kingine, watu wanachanganya hizo mbili kila siku. Jina la biashara linasajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali, TIN, namba ya mlipa kodi, inatoka URA, leseni ya biashara unalipia kwenye manispaa ama KCCA, mamlaka ya jiji, ukiwa Kampala. Maabara ina njia yake kupitia Baraza la Allied Health, linalosimamia watu wa maabara na wenzao. Ukitaka kuuza dawa kwa watu wa barabarani ambao hujawatibu, hiyo ni leseni nyingine ya NDA, mamlaka ya dawa, na siku ukifikiria eksirei lazima upite kwa Atomic Energy Council, wasimamizi wa mionzi. Anza mapema, weka kopi ya kila risiti kwenye faili moja, na usikubali mtu wa katikati anayesema atakupatia kila kitu kwa wiki moja. Alafu hili naomba ulisikie vizuri: kuna watu watakuja na bahasha wakuombe utundike cheti chako kwenye kliniki yao, wewe usionekane pale kabisa, wao wakulipe kila mwezi. Kataa. Siku mgonjwa akifa pale, jina lililo ukutani ni lako.

Mahali pa kufungulia usichague kwa kupita na gari. Tembea kwa miguu asubuhi, saa nane mchana, na usiku. Hesabu maduka ya dawa na kliniki zilizopo, angalia stendi ya boda iko wapi manake boda ndo ambulensi ya kwanza hapa kwetu, uliza majirani maji yanafika wapi mvua ikinyesha. Ghorofani ni rahisi kodi lakini mjamzito wa miezi nane na mzee wa magoti hawapandi. Choo kiwe safi na kiwe cha wagonjwa, si kile cha kushirikiana na baa ya jirani. Na mkataba na mwenye nyumba uandikwe, wa miaka kadhaa, na ukubaliane kabla hujapiga rangi wala kuweka masinki, kwa sababu mwenye nyumba akiona watu wamejaa kodi inapanda siku hiyo hiyo.

Vifaa. Hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Kijana ananunua ultrasaundi ya mkopo, anaweka tivii kubwa na sofa za ngozi, alafu hana oksijeni. Mimi nakwambia anza na vitu vya dharura kabla ya kiti cha kusubiria: oksijeni, mfuko wa kupumulia wa mtu mzima na wa mtoto, adrenalini, dekstrosi ya sukari ikishuka, dayazepamu ya degedege, maginesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, artesuneti ya sindano ya malaria kali. Viweke kwenye sanduku moja ambalo kila mfanyakazi analijua, na likaguliwe kila Jumatatu, tarehe za kuisha zisomwe kwa sauti. Mashine ya presha nunua nzuri na ununue vitambaa vya saizi tofauti, sababu mkono mnene ukifungwa kitambaa kidogo presha inasoma juu na unamuanzishia mama wa watu dawa za maisha bila sababu. Oksimita, ile ya kidoleni ya kupima oksijeni ya damu, ni lazima, ila ujue kwenye ngozi nyeusi saa zingine inaonyesha oksijeni iko juu kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo mtoto anayevuta pumzi kwa mbavu usidanganywe na namba nzuri. Glukomita ya kupimia sukari, mizani ya watoto, kipimajoto, na umeme wa akiba, sola ama betri, manake Yaka, umeme wa kulipia kabla, inaweza kuisha ama laini ikakatika katikati ya mshono.

Maikroskopu usiiache, na nieleze kwa nini. Hapa kwetu malaria ni ya kila siku, na kliniki nyingi zinaenda na kile kipimo cha haraka tu, RDT. Ni kipimo kizuri, nakitumia. Lakini zile zinazotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, zinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa sababu protini yenyewe inabaki kwenye damu. Sasa mama analeta mtoto aliyemaliza Coartem, vidonge vya malaria, ya duka la dawa wiki iliyopita, homa imerudi, RDT inasoma chanya, na wewe unaandika malaria unampa Coartem tena. Mtoto ana nimonia. Ama ni mkojo, ama ni sikio linatoa usaha na hakuna aliyeangalia. Ukiwa na maikroskopu na mtu wa maabara anayejua kusoma slaidi utaona kama kuna vimelea hai ama hakuna, na hata kabla ya slaidi, hesabu pumzi za mtoto dakika nzima, angalia masikio, gusa shingo. Mtoto huyu ndiye atakayekujengea jina ama kulibomoa, sababu mama yake anajua ameshazunguka sehemu ngapi kabla ya kufika kwako.

Dawa nunua kwa wauzaji wa jumla wenye leseni tu na risiti uitunze. Zile zenye muhuri wa serikali kwamba haziuzwi, hata ziletwe kwako usiku kwa nusu bei na mtu unayemfahamu, usiziguse. Zimetoka kwa mgonjwa wa Health Centre III, kituo kidogo cha serikali, aliyeambiwa dawa zimeisha, na wakikukuta nazo kliniki imefungwa na wewe uko mahakamani.

Tuje kwa pesa, na hapa wengi mtanibishia. Watu wetu wamezoea kulipia dawa, hawajazoea kulipia akili ya daktari. Ukimwambia mtu hauna ugonjwa wa kumeza dawa, nenda kanywe maji na upumzike, anaona umemla pesa yake. Ndo maana kliniki nyingi zinasema kumuona daktari ni bure, alafu faida inafichwa kwenye dawa, na hapo mtego umeshakufunga: kila anayeingia lazima atoke na mfuko wa dawa, dripu ya nguvu, antibayotiki ya mafua, vitamini za sindano, sababu bila hivyo huli. Wewe weka ada ya kumuona daktari wazi kwenye karatasi ukutani, hata iwe shilingi 5,000 ama 10,000 kulingana na mtaa, na dawa uziuze kwa faida ndogo. Miezi ya kwanza utapoteza watu, ndio. Lakini waliobaki watagundua kwamba kwako wanatoka na dawa mbili wanapona, wakati kule walikuwa wanatoka na sita. Na ile ya dripu, mtu atakuomba, atakusihi, atakwambia musawo, yaani daktari, mimi nisipowekewa maji siponi. Kaa naye, mueleze anayeweza kunywa hana haja ya sindano kwenye mshipa, mpe chumvi ya ORS, ile ya kuchanganya na maji ya kunywa, mkononi. Inachukua muda kuliko kuweka dripu yenyewe, najua, na bado ni sawa.

Pesa ya kliniki na pesa yako zikae mbali kabisa. Laini ya simu ya MTN ama Airtel ya kliniki iwe ya kliniki, akaunti yake iwe yake, na wewe ujilipe mshahara mdogo unaojulikana, usichote kila jioni kwenye droo. Daftari lifungwe kila siku kabla ya mlango kufungwa. Madeni yatakuwepo, hakuna kliniki ya Uganda isiyo na madeni, mtu amezidiwa usiku huwezi kumfukuza, lakini weka kanuni: dharura inatibiwa kwanza bila kuuliza, kisha makubaliano yanaandikwa, kiasi na tarehe, na namba ya simu ya ndugu. Kwa wanaolipa shilingi za Kenya andika bei ya kubadilishia asubuhi ili msibishane mbele ya mgonjwa. Bima ya taifa bado hatuna, Bunge lilipitisha mswada 2021 ukaishia njiani, kwa hiyo zilizopo ni bima za makampuni. Ni wateja wazuri ila pesa inachelewa, wakati mwingine inachelewa sana, usiingie kama huna akiba ya kulipa mishahara na dawa miezi mitatu bila hiyo pesa, na usikubali kampuni moja iwe nusu ya mapato yako.

Sasa mgonjwa mwenyewe. Simama umsalimie, kwa lugha yake kama unaijua hata maneno matatu, mzee umwite mzee na mama umwite mama, mkalishe, alafu nyamaza. Mwache aongee mpaka mwisho. Utaona ugonjwa wenyewe mara nyingi unatajwa mwishoni akishainuka, mkono uko kwenye mlango, "na kitu kingine musawo..." Hapo mrudishe kwenye kiti.

Maelezo ya dawa ndo kazi nzito kuliko tunavyofundishwa. Chukua Coartem. Usiandike tu mara mbili kwa siku. Mwambie mama, ya kwanza anameza hapa hapa mbele yangu, sasa ni saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, yaani baada ya masaa manane, kisha kesho na kesho kutwa asubuhi na jioni, na kila mara ale kitu chenye mafuta kidogo, maziwa ama uji wa njugu, manake bila mafuta dawa haiingii vizuri kwenye damu. Alafu muulize, mama ukifika nyumbani bibi yake akikuuliza dawa inamezwaje utamwambiaje? Mwache akueleze. Akikosea usicheke, rudia. Mwambie pia dalili za kumrudisha usiku huo huo bila kusubiri asubuhi: akishindwa kunywa ama kunyonya, akitapika kila kitu, akitingishika, akilegea asiamke vizuri. Na kesho yake piga simu. Simu ya dakika moja, mtoto ameamkaje? Nakuhakikishia hakuna tangazo la redio litakalokufanyia kazi kama hiyo simu, na mara nyingine utakuta mtoto amezidi na umemuokoa.

Wagonjwa wa presha na sukari wawekee daftari lao peke yake, jina, simu, tarehe ya kurudi. Asiyekuja siku yake apigiwe. Hawa ndo nguzo, wanakuja kila mwezi miaka na miaka, na wengi wanaacha dawa siku wanapojisikia vizuri. Muandikie dawa anayoweza kuinunua mwezi mzima, hata kama si mpya kabisa sokoni, kuliko ya bei kali atakayoinunua wiki moja.

Jua mwisho wa mkono wako. Rufaa ya mapema inakupa heshima, rufaa ya maiti inakumaliza. Usimlaze mtu siku tatu sababu ana pesa wakati unaona anaharibika. Kabla hajaondoka fanya kinachowezekana, mtoto wa malaria kali mpime sukari, mpe artesuneti dozi ya kwanza, andika saa uliyompa. Barua ya rufaa isiwe mstari mmoja wa "tafadhali msaidie", andika ulivyomkuta, namba zote, ulichompa na saa. Piga simu hospitali ya Masafu ama ya Mbale wajue anakuja, hakikisha usafiri upo, na jioni uliza amefikaje. Hongo ya rufaa, ile ya kutuma mgonjwa skani sehemu fulani wakurudishie asilimia, achana nayo kabisa, anayeilipa ni mgonjwa.

Rekodi jaza kila siku na ile ripoti ya HMIS 105, takwimu za wagonjwa wa nje, ipeleke wilayani kila mwezi hata kama wewe ni binafsi. Wengi wanaona ni usumbufu. Kumbuka mwaka 2022 Ebola ya Mubende, wagonjwa wa mwanzo walipita kwenye kliniki binafsi kabla haijajulikana ni nini, na Januari 2025 muuguzi aliyefariki kwa Ebola Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, alikuwa ameshapita vituo kadhaa, Mbale ikiwemo. Kwa hiyo kliniki ndogo ya mtaani inaweza kuwa ya kwanza kukutana nayo. Namba ya ofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya ibandike ukutani, glavu na maji ya kunawa mlangoni visikosekane, muulize kila mwenye homa ametoka wapi na amemzika nani hivi karibuni. Sindano na taka za ncha kali ziende kwenye sefti boksi, lile boksi gumu lisilotoboka, zenye damu kwenye pipa lake, na uwe na makubaliano ya maandishi na mtu mwenye kichomea taka kinachokubalika. Habari za mgonjwa hazitoki nje, kuna sheria ya 2019 ya kulinda taarifa za watu, na hata bila sheria, picha ya kidonda cha mtu kwenye WhatsApp stetasi ni aibu. Kibao cha jina na masaa ya kazi kinatosha, maadili yetu hayaruhusu daktari kujipigia debe.

Wafanyakazi wachache wazuri, leseni zao zihakikiwe kwenye mabaraza yao wenyewe, usiamini kopi. Mshahara tarehe ile ile kila mwezi hata wewe ukikosa. Anayekaa mapokezi ndo sura ya kliniki, akiwa mkali kwa maskini umekwisha, mchague kwa roho yake kabla ya cheti. Na mwenye kliniki ya jirani usimseme vibaya mbele ya mgonjwa, siku ukiugua ama ukifiwa ndo atakushikia zamu. Zamu yenyewe mpangie mapema, usifungue masaa 24 ukiwa peke yako, daktari aliyelala masaa matatu anaandika dozi ya mtu mzima kwa mtoto.

Kuhusu wodi ya kuzalishia, mnaniuliza sana, mama wengi wanapenda na pesa ipo. Iache kwanza mpaka uwe na wakunga wa mchana na wa usiku. Alafu fanya hesabu moja: usiku wa mvua, gari ikiitwa, kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye thieta yenye damu na mtu wa kulaza usingizi ni muda gani? Usikisie, ipime kweli, usiku, na mvua ikiwepo. Mama anayetoka damu baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya masaa mawili. Kama muda ulioupata unakutia wasiwasi, wafanyie wajawazito kliniki ya mchana, wapime presha na damu, waandalie mpango wa kujifungua na namba ya usafiri, na kuzaa wakazalie kule kwenye thieta.